Mama Kucha Aondoka kwenye Meza ya Vitako

Ijumaa tarehe 28 ya mwezi huu, saa kumi jioni, mkaguzi wetu wa vitako anastaafu baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mitatu, miezi miwili, na siku kadhaa ambazo ofisi ya utumishi bado inazibishania. Sote tunamwita Mama Kucha. Hata barua yake moja ya kupandishwa cheo iliwahi kuandikwa jina hilo kwa bahati mbaya, naye akaipokea, akatia saini na kwenda zake. Kwa hiyo nitamwita hivyo hivyo hapa.

Wenye hesabu za haraka wameshaona kwamba kuna jambo. Faili lake linasema alikuwa na miaka miwili na miezi minne mbele yake. Tangu tangazo libandikwe ubaoni, nimesikia kwenye foleni ya chai kwamba amesukumwa, kwamba amekosana na meneja, kwamba kuna mkubwa fulani aliyekasirishwa na ule ununuzi wa mwaka jana. Mimi ni mtunza ghala. Nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa, mlango wangu unatazamana na meza yake, na ninajua kwa nini anaondoka kwa sababu nilikuwamo. Sipendi jina la mtu wa namna hii lichezewe na watu wanaosubiri maji yachemke. Nimemwomba ruhusa nieleze, akanipa, kwa sharti kwamba nisiruke kitu hata kama kinamuumbua yeye, au kinaniumbua mimi.

Kwa wenzetu wapya wa ofisini ambao hawajawahi kuteremka huku chini: karakana inatengeneza bunduki za askari wa hifadhi, wale wanaolinda wanyama. Kitako ni ule mwili wa bunduki, wa mbao au wa faiba, unaoubeba mtutu na kuegemea begani. Unapofyatua, teke lote la bunduki hupita humo. Kikiwa na ufa mahali pembamba pa kushikia, pale tunapopaita shingo, siku moja kitapasuka sentimita chache kutoka shavuni mwa mtu. Kwa nje vitako viwili vinaweza kufanana kama mapacha, kimoja kikauzwa mara nne ya kingine, na ama muuzaji ana haki ama anakupiga. Kazi ya Mama Kucha ilikuwa kujua ni lipi.

Hakuja hapa kama mkaguzi. Aliajiriwa kupaka vanishi, na mwezi wake wa tatu akaanza kurudisha vitako bila kuvipaka, akidai kwamba havistahili vanishi. Msimamizi wa wakati ule alimwona mkaidi. Mkaguzi wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alivipasua vitatu kati ya vile alivyovikataa, akatazama ndani, kisha akaenda kuomba huyo mpakaji wa vanishi ahamishiwe mezani kwake. Ndivyo alivyopanda cheo, kwa kugoma.

Zana zake zote zinaenea kwenye kikopo cha maziwa ya unga. Kuna sumaku aliyoifunga kamba, kwa ajili ya skrubu zinazouzwa kwa bei ya shaba nyeupe kumbe ni chuma kilichopakwa rangi. Kuna chupa ya matone ya macho aliyoijaza maji, maana tone la maji likinywewa upesi na mbao, ujue mbao hiyo haikukaushwa sawasawa. Kuna kipimo cha unene. Chombo kikubwa kuliko vyote hakikuwa kikoponi. Kilikuwa kidole gumba chake cha mkono wa kulia, chenye ukucha mrefu usiopakwa rangi hata siku ya harusi ya bintiye. Aliuburuta ukucha huo shingoni mwa kitako, taratibu, amefumba macho, na mahali ambapo mjanja fulani ameziba ufa kwa vumbi la mbao na gundi kisha akapaka vanishi juu, ukucha ulimwambia. Mimi nimejaribu mara mia moja. Ninachokisikia ni mbao tu.

Tabia hiyo haikubaki kazini. Walipokwenda kumposea kijana wake mke, alikaribishwa vizuri, akaketi, na mkono wake ukafanya ulichozoea: ukagonga meza ya mwenye nyumba mara tatu kusikia kama ina uwazi ndani. Ukumbi mzima ukanyamaza, wakidhani mama wa bwana harusi anaomba kusema. Wazee wakamgeukia. Anasema hajawahi kutunga hotuba haraka namna ile maishani. Aliwasifu wakwe kwa dakika nne, na mpaka leo wanamtaja kama mama mwenye hekima. Meza yenyewe, alininong'oneza Jumatatu, ilikuwa mbao ya kubandika.

Sasa nieleze habari ya kufunika bei, kwa sababu ndiyo iliyotufunga pamoja.

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini liliposhuka sanduku la vitako ishirini na vinne vya mbao ya mjozi kutoka ng'ambo. Sijaona mbao nzuri kama zile. Nyuzi zake zilipinda kwa mawimbi, na ukigeuza kitako mwangani mawimbi yalionekana kutembea. Bei iliandikwa kwenye lebo ya kila kimoja, na ilikuwa bei ya kukufanya uvae glavu. Mama Kucha alivipitisha vyote asubuhi moja. Wiki ya sita, askari mmoja akiwa mazoezini alifyatua, kitako kikakatika shingoni, na kipande cha mbao kikamchana shavu. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Alipona, ila kovu linaonekana.

Hakuna aliyemlaumu mkaguzi. Mbao zilikuja na cheti. Ni yeye aliyekwenda hospitali, akaketi kando ya kitanda cha askari yule na kumwambia kwamba kosa ni lake. Kisha akarudi, akaomba vile ishirini na vitatu virudishwe, akatuonyesha kwa penseli kilichotokea. Yale mawimbi tuliyoyashangaa yalipita katikati ya shingo, na mbao hukatika kwa kufuata nyuzi zake. Ilikuwa bei ya uzuri, na yeye aliisoma kama bei ya uimara. Alisema aliiona lebo kwanza, na baada ya kuiona kidole chake hakikutafuta tena kosa bali kilitafuta sababu za ile bei. Nakumbuka nilidhani anajitesa bure. Leo sidhani hivyo.

Kuanzia siku hiyo, hakuna kitu kilichofika mezani kwake kikiwa na bei. Kazi ya kufunika ilikuwa yangu. Kila mzigo ukiingia, ninabandika karatasi ya kaki juu ya lebo, jina la muuzaji na cheti navifungia kwenye droo yangu, ndipo navipeleka. Yeye hukagua, huandika anachodhani kila kimoja kina thamani gani, na baada ya kutia saini ndipo tunafunua. Miaka kumi na tisa tumecheza mchezo huo. Mara nyingi makadirio yake yalikaribia bei halisi kiasi cha kutisha. Yalipoachana nayo mbali, tulijua kuna mtu wa kupigiwa simu. Nilibishana naye karibu kila wiki, hasa nilipokuwa nimepungukiwa vitu ghalani na yeye anakataa nusu ya mzigo, na sikumbuki kushinda zaidi ya mara mbili. Katika ubishi huo nilizoea kumwita mama, mpaka akanikataza akisema hana mtoto mwenye ndevu. Tangu hapo ni dada.

Ule ununuzi wa mwaka jana unaosemwa kwenye foleni ya chai ulikuwa hivi. Tulitakiwa kununua vitako mia tatu vya faiba. Sampuli zilikuwa mbili, moja ikiuzwa mara tatu ya nyingine, na wakubwa walikwisha kuielekea ya ghali, maana hakuna anayetaka kuonekana amewapa askari kitu rahisi. Mama Kucha alizikagua zikiwa zimefunikwa, akaandika thamani ile ile kwa zote mbili, isipokuwa mpira wa begani na skrubu. Watu walidhani ameanza kuzeeka. Akaomba ruhusa ya kuzikata kwa msumeno. Zikakatwa mbele ya meneja na afisa manunuzi, na ndani hazikuwa na tofauti yoyote: unene ule ule, nyuzi za kioo zilizolazwa vile vile, hata alama ndogo ya kalibu mahali pale pale. Zilitoka kwenye kiwanda kimoja. Ile ya ghali ilikuwa na mpira laini, skrubu nzuri na rangi ya kupendeza. Ile rahisi ilikuwa na mpira ambao ukikaa wiki moja dirishani juani unakuwa mgumu kama sabuni ya zamani. Tulinunua ile rahisi, mipira na skrubu tukatafuta kwingine, na fedha zilizobaki zilinunua tanuri jipya la kukaushia. Meneja alimshika mkono siku ile. Ndiyo ugomvi wao wote huo.

Kilichomwondoa kilianza baada ya hapo, na kilianza na kikombe. Kilimponyoka asubuhi, kikavunjika, na tukamtania kwamba mkaguzi wa taifa zima hawezi kushika chai. Yeye hakucheka. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa halisikii joto lake. Daktari alimweleza kwamba mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono umebanwa kwa miaka ya kukandamiza, na kwamba upasuaji ungezuia usizidi kuharibika lakini huenda usingerudisha hisia zote za kidole gumba. Alinisimulia haya akiwa anapanga skrubu. Kisha akaniomba nimpime.

Alikuwa ameshawaza kila kitu. Tuna kabati la vitako vilivyokataliwa, tunavyovihifadhi kwa kufundishia. Nilitakiwa kuchukua kumi kutoka humo, nifute alama nyekundu, nivipake vanishi upya, na kwa wiki mbili nivichanganye na mizigo mipya bila kumwambia siku wala mzigo. Akivikamata vyote kumi, ataendelea na kazi. Akikosa kimoja, ataondoka. Nilimwambia tisa kati ya kumi si haba. Aliniuliza kama ningekubali kukipa shavu langu kile cha kumi. Akaongeza kwamba amenichagua mimi kwa sababu ndiye mtu pekee humu aliyezoea kumpinga.

Alikamata vinane.

Viwili alivyovikosa vilipita mbele yake siku ya Jumanne, kimoja baada ya kingine. Niliviona kwa macho yangu vikipita. Aliburuta ukucha, akafumba macho, akatia saini. Niliviondoa ghalani kabla fundi yeyote hajavigusa, nikavifungia kwenye droo yangu ya vyeti. Ijumaa aliponiuliza, nilimjibu kwamba amekamata vyote.

Sina maelezo marefu. Nilimtazama akiwa amesimama pale, ameshika mkoba, anasubiri neno langu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na ulimi wangu ukasema kumi. Nilijiambia kwamba ni miaka miwili tu, kwamba nitamfuatilia kwa karibu, kwamba mtu aliyetufaa hivi hawezi kutolewa mlangoni na vitako viwili. Alinishukuru. Alishusha pumzi, akacheka, akaniambia kwamba wiki nzima alikuwa hali vizuri. Jumatatu alikuja na maandazi ya watu wote, akiwa anaimba chini kwa chini, na mimi nilikula langu.

Siku tatu za kazi alikagua kwa furaha. Siku ya tatu mchana nilimwona akitia saini kitako cha ishirini na moja, bila wasiwasi, kwa sababu mimi nilimwambia asiwe nao. Hapo nikafungua droo na kuvitazama vile viwili. Hivi nilikuwa navyo mimi. Kama kuna cha tatu, kiko na nani? Nilivichukua, nikavuka mlango, nikaviweka mezani kwake bila karatasi ya kaki, alama zake za zamani nimeziandika kwa chaki.

Alinitazama mimi kwanza, kisha vitako. Aliburuta ukucha kwenye kimoja, mara mbili, akatikisa kichwa. Akamwita Fundi Randa, yule dada aliyechonga vitako miaka kumi na miwili na ambaye kwa miaka miwili amekuwa akijifunza ukaguzi kwenye meza hiyo hiyo. Fundi Randa hakujua kinachoendelea. Alipitisha kidole, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akasema tu, "Hapa pamezibwa."

Mama Kucha aliitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku tatu nimetia saini kwa neno lako." Hakunisemesha wiki nzima isipokuwa habari za mizigo, na afadhali angenitukana.

Vitako ishirini na kimoja vya siku zile tatu vilikuwa bado ghalani, kwa hiyo vilikaguliwa upya jioni ile ile na vyote vilikuwa salama. Lakini yeye hakuishia hapo. Aliandika barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kustaafu. Ya pili iliomba kila kitako alichokipitisha tangu mwezi kile kikombe kilipovunjika kirudishwe kikaguliwe na mkono mwingine. Vilikuwa mia mbili na kumi na vinne, na vilikwisha kusambazwa kwenye vituo, vingine mwendo wa siku mbili barabarani. Meneja alimwita, akamkumbusha kwamba barua hiyo ya pili itaingia kwenye faili lake, na kwamba anaweza kustaafu kwa heshima zote bila kuiandika. Alimwachia kalamu mezani ili afikiri. Mama Kucha aliichukua ile kalamu, akaongeza kwenye barua namba za bunduki zote, kutoka kichwani kwanza, kisha akazihakikisha kwenye daftari. Alikuwa amekosea moja.

Ilichukua wiki saba. Magari ya vituo yalileta bunduki kidogo kidogo, na askari waliambiwa kwamba zinakwenda matengenezo ya kawaida. Fundi Randa alikagua, Mama Kucha akiwa ameketi pembeni yake, mikono mapajani. Hakugusa kitu. Alikuwa akiuliza tu: unasikia nini, nyuzi zinakwenda wapi, mbona umepita haraka hapo. Nilikuwa ninapita mlangoni na kuwasikia, na katika zile wiki saba nilijifunza juu ya mbao mambo ambayo sikuyapata kwa miaka kumi na tisa ya kubishana. Mia moja vilikuwa salama. Mia na hamsini vilikuwa salama. Watu walianza kusema kwamba mama wa watu amejichafulia faili bure, na mimi nilianza kuomba iwe kweli.

Kile cha mia na themanini na tatu kilikuwa na ufa. Kisha cha mia na tisini. Kisha kimoja katika mzigo wa mwisho kabisa, shingoni, kirefu kama kidole, kimezibwa vizuri mno. Fundi Randa alikibana kwenye jiliwa, akakivuta, na kikaachana kwa mkono mmoja.

Ndiyo sababu anaondoka, wala hakuna nyingine. Hajafukuzwa na mtu. Alijikagua mwenyewe kwa kipimo alichokitumia kwetu sote, akakubali jibu, akalipia. Meza inabaki kwa Fundi Randa, na kuanzia Jumatatu nitaendelea kumfunikia bei kama kawaida. Yeye mstaafu anasema atafanyiwa upasuaji mwezi ujao, kisha atakwenda kukaa na wajukuu wake, ambao inasemekana wameshaficha vitanda vyao asivikague.

Dada, wenzako wote wa karakana, wa chumba cha vanishi, wa tanuri, wa ofisini na wa ghalani, tunakushukuru kwa miaka yako yote, na tunakuombea afya, mkono uliopona, na siku ndefu za kupumzika katikati ya wanao. Mimi nina ombi la pili. Kwa zile siku tatu, nakuomba radhi hapa mbele ya watu wote.

Kwenye hafla ya Ijumaa kutakuwa na viti vingi, lakini askari watatu hawatakuwapo, kwa sababu hawajui kwamba wana la kukushukuru. Walirudishiwa bunduki zao zikiwa na vitako vipya, wakatia saini, wakarudi kazini. Mmoja wao alilalamika kwamba tumemcheleweshea.